Mguu Unaofuata Cherehani

3 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wapishi wako wa shule hawajakutoroka. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mvua zimeanza, na bati la juu ya kabati linavuja palepale, nimeweka sufuria.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezi kuongea. Chumba ni kimoja na pazia katikati, na masikio ya mdogo wako ndiyo hayakupooza. Nikikuambia "anaendelea vizuri", yeye kitandani ananijibia, "Mwongo huyo."

Nikupe habari kwa mpangilio. Ametoka hospitali Jumatatu iliyopita. Kiharusi kimeshika upande wa kushoto, mkono na mguu. Ulimi umerudi, na utani umerudi kabla ya ulimi. Mkono wa kulia unashika nyundo kama zamani, lakini hakuna mkono wa pili wa kushika kiatu, kwa hiyo meza yake ya kazi nimeifunika shuka. Mguu wa kushoto unabeba uzito. Tatizo lake ni kwamba haujui zamu yake. Wa kulia unakwenda, wa kushoto unabaki nyuma kama umesahau kitu, halafu anauburuta.

Kila wiki tunatakiwa kwenda kliniki ya mazoezi, na tumeshaanza. Mtaalamu wa huko ni mama mmoja mpole, na mdogo wako kambatiza Bibi Saa kwa sababu ana kisanduku kinachogonga ko, ko, ko kama saa ya ukutani. Kwanza alimtazama akitembea hivyo hivyo, akaupima mwendo wake. Kisha akakiwasha kisanduku kigonge kwa mwendo ule ule, akamwambia kila ko moja, unyayo mmoja. Dada, niliona kwa macho yangu. Mguu ulisikia. Haukwenda vizuri, lakini ulikwenda zamu yake ilipofika. Nilipomuuliza sababu, aliniambia sikio lina njia yake ya kuufikia mguu, hata pale ambapo mtu akiuamuru mwenyewe amri inapotea njiani.

Kisanduku ni cha kliniki, hakitoki pale. Nyumbani sijui tutafanyaje.

Sasa lile jambo. Kwenye simu ulisema likizo ya Aprili utakuja kumchukua akae kwako. Najua alikuwa wako kabla hajawa wangu, ulimlea mgongoni. Lakini nakuomba usubiri.

Anakusalimu. Anauliza kile chuma alichokupigilia kwenye kisigino cha kulia kama bado kipo, na anasema usitembee mbio.

Wifi yako

19 Februari

Wifi yangu,

Marahaba. Barua imenifikia na harufu ya mafuta ya cherehani. Huku kwema. Wanafunzi wanakula kama watu waliofunguliwa jela, sufuria kubwa imetoboka, na mpishi wangu mpya hajui tofauti ya kuchemsha na kuunguza.

Mwambie chuma kipo. Wapishi wananisikia nikiwa bado uwanjani, wanaacha umbea na kushika miiko. Siku nikivaa ndala hakuna kazi inayofanyika.

Hicho kisanduku kimenichekesha. Mtu mzima, mwenye ndevu, kutembezwa na saa! Huyo Bibi Saa anamfundisha kutembea au kucheza dansi? Msinichukie, nacheka ili nisifanye jingine.

Wifi, wewe hukumkuta baba yetu. Habari zake sitaki kuziandika. Itoshe kwamba maradhi yalikuwa haya haya, na upande ulikuwa huo huo.

Kwangu kuna baraza pana, hakuna ngazi, kuna mtu anayejua kukanda, na jioni zote nipo. Wewe una chumba kimoja na nguo za watu. Sisemi humtunzi. Nasema umechoka, na mtu aliyechoka humwacha mgonjwa alale kwa sababu akilala hasumbui.

Shule inafunga, nami nitakuja tarehe kumi na mbili Aprili. Nitapiga hodi. Akija yeye kunifungulia mlango, kwa miguu yake, nitakunywa chai na kurudi kwangu, sitasema neno tena. Ukinifungulia wewe, usinilaumu. Nitakuja na begi la nguo zake.

Msalimie sana.

Dada yenu

8 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sote hatujambo. Sufuria ya juu ya kabati sasa ina mwenzake, tundu limezaa.

Nimeisoma barua yako mimi peke yangu, lakini habari ya mlango nilimweleza. Akasema, "Dada anapenda mitihani. Alinifundisha kuoga kwa mitihani."

Dada, labda hukufikiri ulichokitaka. Mkongojo wake uko mkono wa kulia. Komeo la mlango nalo ni la mkono wa kulia, maana mwingine hana. Ili akufungulie lazima kwanza auweke mkongojo pembeni na asimame kwa miguu yake tu. Silalamiki. Nakueleza kazi ilivyo.

Sasa habari njema. Bibi Saa alituagiza nyumbani nipige makofi. Nikapiga. Viganja vikawaka, nguo za watu zikalala, na mdogo wako akasema anajiona kama mtoto anayesifiwa kwa kumaliza uji. Tukaacha. Siku moja nilikuwa nashona mapazia ya ofisi fulani, pindo refu lisilo na kona, nakanyaga taratibu kwa sababu kitambaa kilikuwa kizito. Nikageuka nikamwona amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu wa kushoto unagonga sakafu. Mguu wa kushoto! Unafuata kanyagio langu. Niliposimama kushona, nao ukasimama.

"Endelea," akasema.

"Niendelee na nini?"

"Kushona, mwanamke! Hivyo hivyo. Usibadilishe."

Akainuka. Kutoka kitandani mpaka kwenye kabati alikwenda huku mimi nakanyaga, wala sikuthubutu kumtazama nisije nikapinda pindo. Nilimsikia tu: unyayo, mkwaruzo, unyayo, mkwaruzo. Alipolifikia kabati akalipigapiga kama mtu anayemshukuru punda.

Nilimpelekea Bibi Saa habari hiyo nikidhani atacheka. Hakucheka. Alinitaka nikanyage mbele yake, akalinganisha na kisanduku, akasema inafaa mradi mwendo uwe ule wa mgonjwa. Ukizoeleka ndipo niongeze kidogo, kidogo sana, na yeye ndiye atakayesema lini.

Basi sasa napokea mapazia na mashuka tu. Mashati nimewarudishia wenyewe. Kola ina kona, unashona unasimama, unashona unasimama, na yeye anabaki katikati ya chumba mguu mmoja juu akinitukana.

Kutoka kwenye kabati hadi mlangoni bado. Lakini tarehe kumi na mbili bado pia.

Wifi yako

27 Machi

Wifi yangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mikono imeungua kidogo na mvuke, si kitu.

Habari ya cherehani nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sijui niseme nini. Niliwasomea wapishi, mmoja akasema basi mume wake hasikii hata apigiwe tarumbeta.

Tarehe ni ile ile. Begi nimeshalitafuta. Na wifi, usinipambie mambo. Chochote kitakachotokea niambie kilivyo. Kwetu tulifichwa mengi na watu wazima, tukayajua yamekwisha.

Nitapiga hodi mara moja tu.

Dada yenu

5 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu hujambo na mikono imepona. Sisi huku hatujambo. Mvua imezidi. Jirani yetu wa mlango wa pili amejifungua salama, mtoto ana sauti kubwa, nyumba nzima tunaamka naye. Bei ya uzi imepanda. Mwenye nyumba amemtuma fundi kuliangalia bati, fundi amelitazama, amekubali kwamba linavuja, ameondoka.

Mdogo wako yupo, anapumzika. Anakusalimu.

Nimewaza kwamba kwa mvua hizi barabara ni mbaya, na wewe una kazi nyingi. Huenda ingekuwa vizuri uahirishe safari hadi kuwe na hali nzuri. Hakuna haraka yoyote.

Nakutakia kazi njema.

Wifi yako

16 Aprili

Wifi yangu,

Marahaba.

Sikuja, umeona. Mkuu wa shule amenizuia, kuna kuhesabu vyombo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta cherehani, sijaiona. Kuna jirani, kuna mtoto wa jirani, kuna bati, kuna fundi wa bati. Cherehani haimo. Kabati halimo. Mdogo wangu "yupo, anapumzika". Mtu uliyeniandikia mkwaruzo wa mguu wake hadi nikausikia huku jikoni, leo anapumzika tu?

Niambie ameanguka wapi.

Dada yenu

2 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mtoto wa jirani hajambo.

Alianguka kati ya kabati na mlango, tarehe mbili Aprili, saa nne asubuhi. Alipasuka juu ya jicho, wakamshona. Mfupa haukuvunjika. Nilikuficha kwa sababu tarehe yako ilikuwa karibu, na kwa sababu nyingine ambayo ndiyo hii.

Bibi Saa hakuwa amesema tuongeze mwendo. Niliongeza mimi. Na sikukusudia, Dada, hapo ndipo ninapojichukia. Kila nikikaa kwenye cherehani nilikuwa naiona kumi na mbili Aprili, nakuona wewe na begi lako, na mguu wangu ukawa unakanyaga kwa hofu. Pindo zilikuwa zinakwisha mapema, nikafurahi kwamba kazi inakwenda. Na yeye alifuata. Alikuwa anatembea upesi mpaka nikamsifu! Nilimwambia, "Leo umekuwa kijana." Alikuwa hajawa kijana, alikuwa anakimbizwa. Asubuhi ile alifika kwenye kabati, akalipita, na mguu wa kushoto ukakosa zamu moja. Moja tu. Mimi nikawa bado nakanyaga wakati yeye yuko sakafuni, maana nilikuwa sitazami, nashona.

Nilipomwinua, damu machoni, aliniambia, "Wewe ulikuwa unamkimbia Dada. Mimi ulinibeba tu."

Baada ya hapo hakutaka kuinuka. Nikikaa kwenye cherehani anageukia ukutani. Nikashona kwa mkono, nje, mlangoni, ili asisikie.

Nilikwenda kwa Bibi Saa peke yangu nikamwambia yote. Sikupata karipio nililolitarajia. Alisema, "Basi mama, sasa mgonjwa wangu ni wewe." Akanikalisha kwenye kiti, akawasha kisanduku, akaniambia nigonge sakafu kwa mguu nikifuata, huku ananihoji habari za wewe, za Aprili, za begi. Kila alipokutaja wewe mguu wangu ulikitangulia kisanduku. Alinionyesha kwa kidole tu: umeona? Nimekwenda kwake hivyo mara kadhaa. Mguu wa kulia wa mtu mzima, mzima kabisa, unafundishwa kutulia.

Wiki hii amekubali kukaa ukingoni mwa kitanda. Nakanyaga, anagonga sakafu. Hatujasimama.

Sasa nami nikuulize. Mkuu wa shule amekuzuia wewe? Miaka yote nijuavyo ni wewe unayemzuia yeye. Kuhesabu vyombo kunachukua likizo nzima? Ulisema utapiga hodi mara moja, nikakaa siku nzima ya kumi na mbili nikisikiliza mlango. Hukuja, na wala hukutuma neno. Kwa nini?

Wifi yako

25 Mei

Wifi yangu,

Marahaba.

Umeniambia kilivyo, ahsante. Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikaona nimekasirikia mguu wa mtu. Na anayemtisha mwenzake kwa tarehe naye ajiangalie.

Kuhusu vyombo: tulivihesabu, vimepungua vijiko.

Nitakuambia neno moja, usiniulize la pili. Baba alikuwa akisikia mlango unafunguliwa anageuza shingo. Shingo tu. Nilikuwa nikitoka shuleni naingia, na shingo inageuka, na macho yananitazama mpaka nifike. Mwishoni nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba nikae huko hadi giza liingie, ili nisiufungue ule mlango. Yule mume wako alikuwa mgongoni mwangu, hakumbuki.

Kwa hiyo mlango. Basi.

Tarehe sitaji tena. Begi nimelirudisha juu ya kabati. Mwambie asitembee kwa ajili yangu.

Mpishi mpya ameanza kujua kuchemsha.

Dada yenu

14 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa muda mrefu bila kuandika, na wewe pia. Natumaini ulifika salama.

Ndiyo, nasema ulifika. Usikatae, nitakueleza ilivyokuwa.

Alhamisi, mchana, nilikuwa nashona mashuka ya hoteli. Tangu Juni tulikuwa tumesimama tena, tukaanza upya kwa mwendo wa mwanzo kabisa, ule wa kobe. Bibi Saa ameongeza mara mbili, kidogo kidogo, kwa idhini yake mwenyewe. Kabati analipita. Mlango anaugusa na kurudi. Komeo alikuwa hajalijaribu, kwa sababu ya mkongojo, wala sikumtajia.

Basi alikuwa yuko katikati ya chumba, nami nakanyaga, akaniinulia kidevu.

"Zima."

"Nizime nini, nyumba haina hata redio."

"Hiyo cherehani yako. Sikiliza nje."

Nikatoa mguu. Njia yetu unaijua, imesakafiwa, watu wanapita mchana kutwa. Mimi nilisikia watu wanapita. Yeye alisema, "Kisigino cha kulia kina chuma. Anaulalia upande wa nje. Yule Dada."

"Dada yako yuko jikoni kwake."

"Nimetengeneza viatu vyake tangu nilipojua kushika nyundo, wewe utanifundisha anavyotembea?"

Ndipo na mimi nikasikia. Ka, pu. Ka, pu. Vikaja upesi, vikapunguza, vikafika mlangoni kwetu, vikasimama.

Tukasubiri hodi. Dada, tulisubiri sana. Niliona kivuli chako chini ya mlango. Nikainuka nikufungulie, mtihani au si mtihani, akaninyooshea mkongojo kunizuia.

"Kaa. Si alisema nifungue mimi?"

Nikakaa. Nikaweka mguu juu ya kanyagio ili nimpe mwendo, akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Acha. Ataisikia, atajua nakuja, atakimbia."

Basi akaenda bila cherehani. Mikono niliibana chini ya mapaja, mguu nikautoa kwenye kanyagio. Mkwaruzo wake ulikuwa mdogo, karibu haupo. Alikuwa anasema kitu mdomoni, nikatega sikio: ko, ko, ko. Alikuwa anajigongea mwenyewe.

Alipolipita kabati kivuli chako kikaondoka. Vikaanza tena, ka pu ka pu ka pu, mbio, vinakwenda zake. Nilijua mguu wake utavifuata. Mguu wake unafuata kila kitu kinachogonga, umefuata hata hofu yangu. Nikafungua mdomo nimwite.

Haukuvifuata. Aliendelea na ule wake wa mdomoni, ko, ko, taratibu, kama mtu ambaye hakuna aliyemkimbia. Akafika. Akauegemeza mkongojo ukutani, akasimama hapo kwa miguu miwili bila kushika kitu, akaliinua komeo, akafungua.

Kwenye kona ya njia niliona ncha ya kitenge chako tu. Hakuita. Alisimama mlangoni hadi chuma kilipoacha kusikika, nami nimesimama nyuma yake sijamgusa, halafu akasema, "Mwandikie nilifungua."

Nimekuandikia. Alifungua.

Hakuna shingo iliyogeuka hapa, Dada. Ulisema ukifunguliwa na yeye utakunywa chai na kurudi. Umerudi, lakini chai hukunywa, kwa hiyo hesabu haijakamilika. Njoo uinywe. Ukishindwa kupiga hodi usipige, tembea tu mpaka mlangoni na usimame, sisi tutasikia.

Anasema uje na viatu hivyo hivyo, chuma kimelegea, amesikia, atakipigilia na mimi nitamshikia kiatu. Na anasema usitembee mbio.

Wifi yako